Novemba ya Mwalimu

Ukambani mvua ya kutegemewa ni ya vuli, inayoanza mwishoni mwa Oktoba. Ile ya Machi huja ikipenda. Ukichelewa kutia mbegu, utanunua mahindi mwaka mzima. Na KCPE, mtihani wa kumaliza shule ya msingi, tangu 1985 hadi ya mwisho ya 2023, karibu kila mara ilifanywa majuma hayohayo.

Baba alikuwa mwalimu mkuu upande wa Ikutha, Kitui. Sisi na shamba tulikuwa Kibwezi, Makueni. Kati yetu palikuwa na Mto Athi na barabara ya vumbi ambayo mvua ikinyesha, matatu zilikuwa zikilala njiani. Wakati ng'ombe wanafungwa plau, yeye alikuwa akiwafunza hesabu watoto wa watu hadi usiku, kwa taa ya kandili. Barua ya mama ikimfikia, ndengu zimeshaota. Au zimeshakataa.

Mwaka mmoja mama alikuwa mjamzito, na baba akaahidi kuja Ijumaa. Hakuja: mtahiniwa wake alikuwa ametoroka kwao asiozwe, na hakuwa na wa kumwachia. Mama hakusema kitu. Alishika plau mwenyewe, mimi nikaongoza ng'ombe mbele. Mistari ilikwenda kombo. Msimu uliofuata ilinyooka.

Watu husema M-Pesa, ilipokuja 2007, iliwarudisha karibu akina baba wa mbali. Kwetu naona ilifanya kinyume. Pesa ya vibarua ikishaingia kwenye simu, wa kumngojea ni nani? Mama alichagua mbegu, akauza mbuzi, akachimbisha matuta ya fanya juu, ndipo akampigia kumjulisha. Naye "Mwalimu", maana hata mama alimwita hivyo, alijibu, "Ni sawa." Kuanzia 2016 alibanwa zaidi: walimu wakuu walifanywa wasimamizi wa vituo vya mtihani, wakawa wanafuata karatasi alfajiri kwenye kontena, makao makuu ya kaunti ndogo. Novemba hiyo hata mazishi ya shemeji yake yalimpita.

Alistaafu wakati lami ya Kibwezi hadi Kitui inakaribia kukamilika. Vuli ya kwanza alivaa gambuti, akashika plau. Ng'ombe walisimama. Walizoea sauti ya mama, na amri za Mwalimu, Kiswahili sanifu kitupu, hazikuwahusu. Mama alicheka, akampa kamba ya kuongozea mbele, kazi ya watoto. Baba aliipokea, akauliza aanzie upande gani.