Bibi alisahau jina langu, mimi nikaanza kutembea

Mwenzenu siku bibi aliponiita kwa jina la marehemu dada yake, nilicheka. Wiki iliyofuata akapotea akitoka dukani, mtaa aliokaa miaka 40. Kicheko kikaisha. Daktari akasema ni Alzheimer. Mama akanyamaza tu, maana mama yake bibi naye "alirudi utotoni" hivyohivyo.

Jeni sijapima, naogopa. Ila 2022 Chris Hemsworth, yule wa Thor, alisema amekutwa na nakala mbili za APOE4, moja kutoka kwa kila mzazi. Haumwi, ila hatari yake ni kubwa kuliko ya wengine. Nikaelewa: ni onyo, siyo hukumu.

Basi mimi na mama tunatembea kila jioni. Presha tunapima, chumvi tumepunguza, na simu nazima saa 4 usiku (huo ndio mtihani wenyewe jamani!).

Jana bibi akatuuliza, "Nyie wasichana mnaenda wapi?"

"Kutembea, mama."

Akavaa kandambili zake, akatufuata. Jina langu hakulitaja. Alinishika mkono tu, mpaka tukarudi.