Waliofanya Kazi Usiku

Kila Mwenyezi Mungu anaponiruzuku kitu cha kumpa jirani, hukumbuka mji wa Lucknow, kaskazini ya India, ukingoni mwa mto Gomti. Mwaka 1784 njaa kubwa iliishika nchi ya Awadh, na mtawala wake, Nawab Asaf-ud-Daula, akaanza kujenga Imambara Kubwa, jumba la kumwombolezea Imam Husein, ili watu wapate kazi na chakula. Ukumbi wake una urefu wa kiasi cha mita 50, na dari yake haina nguzo hata moja, wala boriti! Lakini kilichonikaa moyoni ni hadithi isimuliwayo huko, kwamba waungwana waliofilisika walipewa kazi usiku, wasitambulike nyuso zao.

Ufalme wenyewe Waingereza waliunyakua mwaka 1856. Mwaka uliofuata Begum Hazrat Mahal alisimama kupigana nao, akashindwa, akafia uhamishoni Kathmandu mwaka 1879. Jumba lingalipo.

Nami, mwaka mmoja wa dhiki, nilimwita jirani yangu barazani, mbele ya watu, nikampa pishi ya mchele. Aliipokea, akaniombea dua, macho chini. Tangu siku ile hupita njia ya nyuma.