Je, Tushuke Maskati?

Mama mmoja wa darsa letu ameniuliza: mwanawe aliyeko Dubai amemkatia tiketi ya meli ya watalii itakayopitia Khasab na Maskati. Je, kila bandari ashuke, ama abaki melini apumzike?

Nami niliwahi kupita njia hiyo na mama watoto, tukabishana jambo hilo hilo. Nilitaka tubaki, kwani matembezi yanayouzwa melini ni ghali. Akaniambia, "Maalim, tumevuka bahari yote hii tuje kuichungulia Oman dirishani?"

Alisema kweli. Maskati meli hufunga gati Mutrah. Basi hukufikisha lango la bandari, na kutoka hapo soko kongwe ni mwendo mfupi wa miguu ukiambaa na bahari: ubani, udi, vyombo vya fedha. Muuza ubani mmoja aliposikia mazungumzo yetu alitujibu kwa Kiswahili cha Unguja. Mama watoto akasahau bei, wakawa wanaulizana jamaa. Ila maduka mengi hufungwa mchana hadi alasiri, na Ijumaa asubuhi vilevile. Nizwa ina ngome ya kupendeza, lakini iko bara, zaidi ya kilomita 100. Mgeni wa kutwa ataishia garini. Tena aliyejiendea peke yake akichelewa, meli haimngoji.

Khasab ni mji mdogo. Uzuri wake uko majini, kwa jahazi baina ya majabali ya Musandam. Mwenye magoti mabovu, nami ni mmoja wao, abaki melini bila majuto.