Jino la Mama

Tulipokuwa Jinja nilikuwa na miaka 14, na mimi ndiye nilikuwa mdomo wa mama. Tumetoka Bukavu, mama alijua Kiswahili na Kimashi tu. Pale watu walisema Kisoga, Kiganda na Kiingereza. Kiingereza nilikuwa nimejifunza shuleni.

Gego lilimshika mama, usiku tatu hakulala. Daktari wa meno akatazama, akaniambia njia ni mbili. Ya kwanza, jino liokolewe: atoboe, asafishe mizizi, atie dawa, azibe kwa muda, kisha mama arudi mara mbili mpaka lizibwe kabisa. Ya pili, ling'olewe leo. Akataja bei. Ile ya kuokoa ilikuwa kodi yetu ya miezi miwili.

Mama akaniuliza, "Anasema nini?"

Nikajibu, "Anasema batatosha jino."

Sikusema uongo. Nilipunguza tu. Mama akaitikia kwa kichwa, daktari akajua amekubali.

Baada ya miaka mitatu baba alipata kazi Mbale, tukahamia huko. Gego la upande wa pili nalo likaanza. Daktari wa huko, mwanamke, alijua Kiswahili. Mbale haiko mbali na mpaka wa Kenya. Hakuniangalia mimi, alimwangalia mama. Alichora jino na mizizi yake kwenye karatasi, akaandika: leo, wiki ijayo, wiki ya tatu, na pesa za kila siku.

"Mama, maumivu yataisha leo, lakini ugonjwa bado. Usiporudi, dawa ya kuzibia itatoka na wadudu wataingia tena. Sasa niambie wewe, tutafanya nini?"

Mama alieleza yote, kidole juu ya karatasi. Halafu akanyamaza kidogo.

"Kumbe hata lile la Jinja lingepona?"

Daktari hakuweza kujibu, hakuliona. Aliyejua ni mimi.

Usiku nilimwambia. Hakunigombeza. Alisema, "Pesa hatukuwa nazo, mwanangu. Pengine ningesema batoshe tu. Lakini ningesema mimi."

Leo natafsiri hapa kambini, na maneno hayo natembea nayo. Ninyi mnaofanya kazi za misaada, msimpe mtoto mzigo huo. Mtoto anajua bei ya unga nyumbani, atapunguza. Wala msiulize "Umeelewa?" Kila mtu hujibu ndiyo, kwa heshima. Mwombeni mgonjwa awaeleze yeye.

Na wewe ndugu, ukiwa kwenye kiti kile, kabla ya sindano ya ganzi, uliza: Kuna njia nyingine? Nirudi mara ngapi? Yote pamoja ni pesa ngapi? Nisiporudi itakuwaje? Na daktari akisema maneno ishirini, mkalimani akakuletea matatu, mwambie arudie. Hata kama ni mtoto wako.