Bawa Lililojikunja

Mzee mmoja wa Kilindoni, kisiwani Mafia, alikuwa na mambo matatu tu ya kusimulia kuhusu ndege, na mjukuu wake aliyasikia mara nyingi hata akaacha kuyasikiliza. La kwanza, ndege aliyoiona utotoni ilikuwa ya ghorofa, bawa juu ya bawa. La pili, ikipita kati yako na jua unaziona mbavu zake, kama za samaki mkavu aliyeinuliwa mbele ya taa. La tatu, ikitaka kugeuka ilijikunja bawa, kama mwewe.

Hilo la tatu ndilo lililomshinda mtoto. Yeye alizaliwa mwaka 1962, na ndege ndogo alizoziona zikitua kisiwani zilikuwa za bati, mabawa yamekaza kama ubao wa dirisha. Bati halijikunji likarudi lilivyokuwa. Babu, akaamua, anatia chumvi.

Hata hivyo aliitengeneza. Akiwa na miaka 12 alichukua bua la mahindi likawa mwili, akachomoa chelewa kwenye ufagio wa uani, moja moja ili mama asigundue, zikawa nguzo za kushikilia mabawa. Mabawa yenyewe yalikuwa karatasi ya daftari. Gundi ilikuwa punje za wali zilizopondwa, ileile ya kubandikia tiara, na panga la mbele lilikatwa kwenye kopo la maziwa. Babu akaipokea, akaigeuza huku na huku.

"Mabawa umepatia," akasema. "Lakini hii yako imekufa ganzi, mjukuu wangu. Haijikunji."

Masika ya mwaka ule yakaimaliza.

Kilichopita juu ya kichwa cha babu hakikuwa hekaya. Septemba 20, 1914 manowari ya Kijerumani Königsberg iliizamisha Pegasus ya Waingereza Unguja, kisha ikajificha ndani ya delta ya Rufiji, nyuma ya mikoko, isionekane kutoka baharini. Januari 1915 Waingereza wakaiteka Mafia, na kisiwa kikawa kituo cha kuichungulia kutoka angani. Ndege za Sopwith za kutua majini zilizoletwa mwanzo hazikufua dafu: joto la pwani lililegeza gundi na kupinda mbao. Mwezi Juni zikaja nyingine nne za magurudumu, mbili Henri Farman na mbili Caudron G.3, zote za Kifaransa, zote za mabawa ya ghorofa. Julai 6, na tena Julai 11, ndege zilizunguka juu ya delta zikielekeza kwa redio mizinga ya Severn na Mersey, meli bapa zilizoundwa awali kwa ajili ya mito ya Brazili. Siku hiyo ya pili ndege ya rubani John Cull na mwenzake Harold Arnold ilipigwa. Wakawa wanashuka, na Arnold bado anatuma ujumbe wa kurekebisha shabaha, mpaka wakaangukia mtoni karibu na Mersey. Wote wawili waliokolewa. Königsberg haikutoka tena. Mzinga wake mmoja upo Fort Jesus, Mombasa, na mjukuu wa mzee yule amewahi kusimama pembeni yake, akaupima kwa shubiri, mazoea ya kazi.

Kwa sababu kufikia hapo alikuwa fundi seremala, Keko, Dar es Salaam, kati ya mafundi wa vitanda na makabati. Mwaka 1991 alikuta picha ya Caudron kwenye kitabu chakavu cha kununua barabarani. Picha moja, ya ubavuni, nyeusi na nyeupe. Hiyo ikawa ramani yake yote. Alipasua vipande vya mninga vilivyobaki kwenye kabati la mteja, akatengeneza ndege yenye urefu wa mkono, mabawa ya plaiwudi, akaipaka rangi ya kijani ya kijeshi, maana ya vita ni lazima iwe ya kijani. Nyuma ya mabawa alikata vibawa vya kupanda na kushuka, kama alivyoviona kwenye ndege za uwanja wa Dar es Salaam. Na kwa kuwa pichani mkia ulionekana umelala chini, akahisi kuna gurudumu lililofichwa na majani, akaliweka.

Ilikuwa nzuri, na karibu yote ilikuwa kosa.

Wa kwanza kulisema alikuwa fundi wa majahazi kutoka Chole, mtu anayeunda chombo kizima kwa tezo na jicho, asiyehitaji mchoro. Alikuja mjini kwa mambo yake, akapita kusalimia. Akaitazama ndege, kisha picha, kisha ndege tena.

"Mwanangu, hili gurudumu umelitoa wapi? Hizi mbao mbili za chini zimekwenda mpaka nyuma, zinaburuza. Huu ni mkuku. Kinatua kama ngalawa inavyopanda mchangani."

Alikuwa sahihi. Caudron G.3 haina mwili wa nyuma. Ina kihori kifupi cha mbele ambamo watu wawili wanakaa, kisha fito nne zinazoushika mkia, na mbili za chini zinapita hadi ardhini, zikiburuza kwenye nyasi. Gurudumu likang'olewa siku ileile. Mengine yalikatwa na jua: ndege ilikaa juu ya kabati chini ya bati lisilo na dari, Januari ikapita, na fundi aliporudi kutoka likizo ya mwezi Mafia alikuta bawa la juu limeachana na nguzo zake. Gundi ya kutoka dukani ilikuwa imelegea. Alicheka, wanasema, peke yake, akikumbuka zile Sopwith za mwaka 1915, kisha akaifungia ndege kwenye gunia. Babu alikuwa ameshafariki.

Robo karne ikapita. Kilichobadilika kwanza ni simu. Mwaka 2017 mwanawe alimwonyesha Caudron G.3 iliyohifadhiwa kwenye makumbusho ya jeshi la anga la Uingereza (RAF), London, na michoro yake, kutoka mbele, juu na ubavuni. Mtu aliyewahi kufanya kazi kwa picha moja ndiye anayejua michoro mitatu ni utajiri gani. Mabawa mita 13.40 kutoka ncha hadi ncha. Urefu mita 6.40. Akachagua kipimo cha 1 kwa 72, kinachopendwa duniani kwa ndege ndogo za mezani, akagawanya: milimita 186 na milimita 89. Ndege nzima inakaa juu ya kiganja na vidole.

Kisha akatafuta vile vibawa vya nyuma ili avipime. Havikuwepo. Alikuza picha, akapunguza, akakuza tena. Bawa la juu lilikuwa zima, ukingo wake wa nyuma mwembamba, umejaa mawimbi, na kwenye ncha nyaya zinazoshuka kuelekea kwa rubani. Maelezo yakamaliza ubishi: rubani akisukuma usukani, nyaya huvuta sehemu ya nyuma ya bawa, bawa lenyewe hupinda upande mmoja chini na upande wa pili juu, na ndege inageuka. Inajikunja. Ndugu Wright walitumia njia hiyohiyo mwaka 1903, na ndugu Caudron, René na Gaston, waliendelea nayo.

Fundi aliweka simu chini, akatoka nje kwenda kununua kahawa.

Na zile mbavu zinazoonekana kwenye jua? Mabawa yalikuwa kitambaa cha kitani kilichopakwa dawa ya kukikaza, mara nyingi bila rangi juu yake. Mwanga ulipita. Kijani chote kile cha mwaka 1991 kilikuwa kazi bure.

Ndege ya tatu ilimchukua miezi kumi na moja, usiku baada ya samani za watu. Hakuna kipande cha kununua kikiwa tayari. Kihori ni plastiki ya ndoo ya aiskrimu, iliyolainishwa kwa maji ya moto na kubanwa juu ya kalibu ya mninga. Mbavu za mabawa ni mianzi iliyochongwa kwa wembe na kusuguliwa kwa msasa laini kabisa. Juu yake ni karatasi ya kunakilishia, iliyopakwa vanishi nyepesi mara mbili; ukizidisha ya tatu inakuwa ya njano kama kucha za mvuta tumbaku. Nguzo ni chelewa, zilezile, maana hajapata kitu kingine chenye unene huo kisichovunjika. Nyaya ni nyuzi za rasta alizomwomba binti yake wa saluni: unabandika ncha mbili, unapitisha kijiti cha udi chenye moto karibu bila kugusa, na uzi unajikaza wenyewe. Akigusa, umekatika, aanze upya. Ameanza upya mara nyingi.

Injini ilimpa raha ya pekee. G.3 nyingi zilibeba Le Rhône ya silinda 9, zilizopangwa duara, na silinda zenyewe huzunguka pamoja na panga. Fundi alizisuka kwa uzi wa kushonea juu ya vijiti vya mwanzi. Alipojua kwamba injini hizo zililainishwa kwa mafuta ya mbarika, alitia tone moja, ya nyonyo halisi, ingawa hakuna kinachozunguka. Mtu yeyote akiiinamia ndege ile ananusa nyumba ya bibi.

Ni chombo dhaifu kukitazama, na bado mwaka 1919 Jules Védrines alikitua juu ya paa la duka la Galeries Lafayette, Paris, na Aprili 1, 1921 Adrienne Bolland alikivusha milima ya Andes kutoka Argentina hadi Chile.

Bawa la juu amelitengeneza likiwa limepinda, ncha ya kushoto imeshuka, ya kulia imeinuka, kama ndege iliyogandishwa katikati ya kugeuka. Wanaopita dukani humwambia limeharibika kwa joto. Hawajibu wote.

Swali lililobaki alilitatua mwenyewe, bila simu. Mafia zilikuwepo aina mbili za magurudumu. Babu aliona ipi? Zote ni za ghorofa, zote za kitambaa. Lakini Henri Farman iligeuzwa kwa vibawa vya nyuma, bawa lenyewe likabaki limenyooka. Kati ya hizo mbili, inayojikunja ni Caudron peke yake. Mtoto wa Kilindoni, bila kujua jina lolote, alikuwa ametaja aina ya ndege.

Sasa fundi anaianza Farman pia, ili nduguze wa Mafia waone tofauti. Chelewa zake zimelowekwa kwenye sufuria ya maji tangu Jumapili, na mkewe anaulizia sufuria yake.