Sinema na Tope la Mtoni

Mto Lwakhakha hugawa nchi mbili, Kenya na Uganda, lakini haukugawa desturi. Upande wa Bungoma wanakaa Wabukusu, na ng'ambo wanakaa Wagisu. Wote hutahiri vijana wao mara moja kila miaka miwili, kama ilivyokuwa mwaka 2022 na 2024, na mwezi wa Agosti ukiwadia njuga husikika kotekote. Basi, ikiulizwa kama sinema yaweza kuonyesha mambo ya rohoni, hakuna haja ya kutafuta mfano mbali.

Mwishoni mwa miaka ya 1980, Richard Hawkins alitengeneza picha iitwayo Imbalu, akisaidiwa na Suzette Heald, mwanamke mtaalamu wa mila aliyewahi kuishi kati ya Wagisu tangu miaka ya 1960. Ni kazi ya heshima, wala haikukusudiwa kuchekesha wageni. Lakini Bibi Heald mwenyewe ameandika sana juu ya kitu ambacho Wagisu hukiita lirima, yaani ule ukali wa moyo ambao kijana hana budi kuuamsha ndani yake ili aishinde hofu. Je, lirima hupigwaje picha? Kijana husimama wima, hatikisiki, hapepesi macho. Ushindi wake wote ni kwamba hakuna kitu kinachoonekana kutukia usoni pake. Asiyejua huona kijana amesimama tu.

Tena kuna mambo yasiyofika katika kitambaa cheupe. Kwa Wabukusu, mjomba huchinja ng'ombe, humvika kijana nyama shingoni, na kumpa maneno makali. Alfajiri kijana hupakwa tope la mtoni mwili mzima, nalo ni baridi kweli kweli. Harufu ya nyama ile na baridi ya tope lile havimfikii mtazamaji. Yeye ameketi, hakuahidi kitu mbele ya jamaa zake, na akichoka huondoka bila aibu.

Wengine watajibu kwa kutaja picha ya Yesu ya mwaka 1979, iliyofuata Injili ya Luka na kutafsiriwa katika lugha zaidi ya elfu mbili. Imeonyeshwa vijijini usiku, kwa mtambo wa umeme unaonguruma kando, na watu wamelia walipouona msalaba. Machozi hayo si ya kudharauliwa. Ila mzee aliyefiwa na mwana hulia kwa mambo aliyokuja nayo mwenyewe, na mtoto aliye kando yake huuliza kama damu ile ni ya kweli.

Siku hizi simu huinuliwa juu ya vichwa vya watu kisu kinapofika. Jioni picha hupitishwa mkono kwa mkono. Wajomba huitazama kimya, mabinamu wadogo hucheka na kutaka irudiwe, na kijana mwenyewe, akiuguza jeraha lake, huitazama mara moja akairudisha simu kwa mwenyewe.