Keti Kwanza, Upige Hesabu

 

Neno letu leo linatoka Luka 14:28-30. Bwana Yesu anaeleza habari za mtu anayetaka kujenga mnara. Kabla ya kuchimba msingi, mtu huyo anatakiwa kuketi, apige hesabu, aone kama alicho nacho kitamfikisha juu. Asipofanya hivyo ataishia kwenye msingi, na wapita njia watamcheka.

Nataka kusema na wazazi na vijana waliofanya KCSE. Tovuti ya KUCCPS iko wazi na simu yangu haipumziki. "Pasta, tuombee tupate udaktari." "Pasta, tamka neno juu ya uinjinia." Wapendwa, kuomba nitaomba, hiyo ndiyo kazi niliyoitiwa. Lakini kwanza keti.

Ninyi mnaofanya biashara Toi mnalielewa neno hili kuliko wengi. Robota la mitumba linanunuliwa Gikomba likiwa limefungwa. Mwenye akili hanunui kwa sababu jirani alinunua la aina hiyo akapata faida. Anajiuliza: wateja wangu ni kina nani? Mtaji wangu ni kiasi gani? Nikifungua nikute fagia tupu, nitaweza kusimama tena? Hesabu zote hizo mnazipiga kwa ajili ya jinzi na viatu vya watoto. Halafu miaka minne au sita ya mtoto mnaichagua kwa jina la kozi, kwa sababu jina hilo linasikika vizuri likitajwa kanisani!

Basi tukae tuhesabu. Kuingia digrii kunataka gredi ya wastani ya C+ kwenda juu. Huo ni mlango wa nje tu. Ndani kila kozi ina mlango wake. Udaktari unataka angalau B katika Biolojia, B katika Kemia, B katika Hisabati au Fizikia, na B katika Kiingereza au Kiswahili. Sheria inataka B ya Kiingereza au Kiswahili. Ukikosa gredi ya somo moja linalotakiwa, hata wastani wako ukiwa mzuri, mlango huo haufunguki.

Halafu kuna pointi za klasta. Kila kozi ina masomo yake manne. A ni pointi 12, kwa hiyo manne yakikamilika ni 48, na hapo huchanganywa na matokeo yako ya jumla. Ndiyo maana watoto wawili wenye B ile ile hawako sawa, na mtoto mmoja ana pointi tofauti kwa kila kozi. Tena ile nambari mnayoiona kwenye tovuti ni pointi za mwanafunzi wa mwisho kuchukuliwa mwaka uliopita. Mwaka huu inaweza kupanda au kushuka, kulingana na walioomba na nafasi zilizopo. Anayejaza kozi zinazogombaniwa peke yake, akizikosa zote, anarudi awamu nyingine kuchagua katika zilizobaki.

Wiki iliyopita mama mmoja anayeuza viatu Toi, upande wa Makina, alikuja na binti yake. Mama huyu namheshimu sana. Soko lilipoteketezwa kwenye ghasia za baada ya uchaguzi wa 2007, alianza upya. Moto wa 2019 ulipopita, akaanza tena. Binti amepata B, na mama akaniambia, "Pasta, huyu nilimweka wakfu akiwa mchanga. Nilimwambia Mungu atakuwa daktari. Nyoosha mkono juu ya hii simu, utamke."

Nikaomba kuona matokeo. Hisabati B+. Biolojia B. Kemia B-. Nikamwambia mama polepole kwamba mlango wa udaktari, kwa matokeo haya, umefungwa na Kemia. Akanyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Kwani Mungu wetu anashindwa na Kemia?"

Hashindwi. Lakini mtihani umeshafanywa na gredi imeshaandikwa. Imani haibadilishi kilichoandikwa kwenye cheti. Imani inatupa ujasiri wa kukisoma bila kuogopa.

Nikamgeukia binti. "Wewe mwanangu, ungependa nini?" Akamtazama mama yake kwanza, kisha akasema kwa sauti ya chini kwamba angependa takwimu. Ndiye anayeweka daftari la chama cha mama yake tangu kidato cha pili, na hapendi kazi nyingine kama ile. Nikamuuliza mbona hakusema nyumbani. Akajibu, "Pasta, nikimwambia sitaki udaktari, ni kama namwambia alianza upya bure mara zote zile."

Wazazi, lisikieni neno hilo. Mtoto anaweza kubeba mzigo wetu akiuita utii, na sisi tukauita maono.

Mama akauliza, "Hiyo takwimu inatibu nani?" Nikamjibu kwamba dawa za zahanati hupangwa kwa idadi ya watu, na anayekosea idadi anawanyima watu dawa. Sensa ya 2009 ilihesabu Kibera watu 170,070, baada ya dunia kuambiwa kwa miaka mingi kwamba sisi ni milioni au zaidi. Maji, vyoo, shule, yote hupangwa kwa nambari. Kwa nini mtoto aliyelelewa hapa asiwe kati ya wanaohesabu?

Mama naye anajua Biblia. Akasema, "Lakini Daudi alihesabu watu na Israeli ikapigwa." Tukacheka. Nikamwambia ni kweli, 2 Samweli 24, lakini kabla ya Daudi, Mungu mwenyewe alimwagiza Musa awahesabu watu, na kitabu hicho mpaka leo tunakiita Hesabu.

Sisi Wapentekoste tunapenda habari za Roho. Basi someni Kutoka 31. Pale Bezaleli anajazwa Roho wa Mungu, na kazi anayopewa ni ufundi wa dhahabu, fedha, shaba, mawe na mbao. Roho aliingia karakana. Ataingia na darasa la takwimu, na la ualimu, na la kilimo. Hakuna kozi ya fagia mbele za Mungu.

Na kama wito wa kutibu ni wa kweli, chuo kikuu si mlango wake peke yake. KMTC inafundisha maafisa wa kliniki kwa miaka 3, kwa gredi ya wastani ya C na masomo yanayotakiwa. Wengi wetu tukiugua, ndio wanaotupokea.

Kijana, kabla hujabonyeza, piga hesabu zako. Soma masharti ya kila somo. Linganisha pointi zako na za mwaka uliopita. Weka unalolitamani, na chini yake weka lile unaloweza kulifikia na kulisoma kwa furaha. Kumbuka mkopo wa Helb ni deni, utalipwa. Usimwachie mhudumu wa saiba akuchagulie.

Mzazi, muulize mtoto mkiwa wawili tu, kisha unyamaze umsikilize.

Binti yule amejaza takwimu katika vyuo vitatu, akaongeza ualimu wa Hisabati. Mama alikubali, ingawa uso wake bado ulikuwa mzito. Majibu hayajatoka. Namwombea binti nafasi, na mama namwombea amani.

Jumamosi baada ya maombi ya asubuhi, vijana wetu walio chuoni watakaa kanisani kuwasaidia wanaojaza. Njoo na matokeo yako. Hakuna malipo.

Tuombe. Baba, tupe macho ya kuona ulichoweka mkononi mwa watoto wetu, na unyenyekevu wa kukipokea hata kikiwa si kile tulichokiomba. Wafungulie milango iliyo yao. Katika jina la Yesu, Amina.

Ukiamini andika Amina, kisha mtumie mzazi mmoja ujumbe huu kabla tovuti haijafungwa. Mbarikiwe.